Enameli huandaliwaje kabla ya kufungwa nyaya za meno?
Vyuma vidogo vinavyobeba nyaya za kunyoosha meno havishiki barabara juu ya enameli, ganda gumu la nje la jino, kwa kuwa ni laini mno. Asidi ndiyo huliparuza. Mbinu hiyo iliasisiwa mwaka wa 1955 na Mmarekani Michael Buonocore, aliyewazia kuziba meno, wala si kuyanyoosha.

Jino husuguliwa, likapakwa asidi ya fosforiki, aghalabu ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30, kisha huoshwa na kukaushwa hadi liwe jeupe kama chaki. Gundi hupenya katika vitundu vilivyochimbwa. Mate yakiligusa, kazi hurudiwa.

Katika Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi, enameli iliyoathirika hukaidi asidi. Chuma kilichobandikwa kwa pupa huweza kubanduka mtu akitafuna mahindi choma.