Kano za Goti na Mchimba Makaa wa Leeds

Mwaka 2025 ilitimia miaka 130 tangu tabibu Arthur Mayo Robson, katika mji wa Leeds huko Uingereza, alipolipasua goti la mchimba makaa wa umri wa miaka 41 na kuzishona zile kano mbili zilizopishana ndani yake mfano wa msalaba, ambazo kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala nyuma ya fupa la paja. Na ajabu ni kuwa kumbukumbu hiyo imepita kimya, ilhali ni nadra juma kupita bila magazeti kumtaja mchezaji wa kandanda aliyekatika kano hizohizo.

Kwamba kano hizo zipo, Galen, aliyewauguza wapiganaji wa Pergamon, alikwisha kubainisha tangu kale. Na mwaka 1850 James Stark wa Edinburgh aliwatibu wagonjwa wake kwa kuufunga mguu usicheze. Mchimba makaa huyu aliporomokewa na udongo, akakaa wiki 36 na goti lisilomtii. Mayo Robson alipolifungua alikuta kano zote mbili zimeng'oka kwenye fupa la paja, akazirudisha mahali pake kwa uzi wa utumbo. Na miaka sita baadaye mtu yule alikuwa akitembea bila ya kuchechemea.

Hapa ndipo penye mzozo wa wanataarikhi. William Battle wa London alipasua goti la namna hiyo mwaka 1898, akaitangaza habari yake mwaka 1900. Mayo Robson hakuandika hadi 1903, ndipo akasema kuwa yeye alikwisha kufanya tangu 1895. Wako wanaomvika taji aliyetangulia kwa kisu, na wako wanaomvika aliyetangulia kwa kalamu, wakidai kwamba elimu iliyowekwa sandukuni haimnufaishi mgonjwa wa pili. Hoja hiyo ina uzito, walakini mimi naelemea upande wa Leeds, kwa sababu tabibu anayengoja aone kama goti litadumu, kisha ndipo ajisifu, ana adabu ambayo siku hizi imeadimika.

Na wakati ulithibitisha kuwa hadhari ilihitajika: mwaka 1916 Robert Jones wa Liverpool alinena kwamba kushona kano hizo ni kazi bure, na mwaka uliofuata Ernest Hey Groves wa Bristol akaacha kushona, akachukua utepe wa utando wa paja la mgonjwa mwenyewe, akaupitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani, uwe kano mpya. Msingi wa upasuaji wa leo ni huo, ijapokuwa utepe sasa aghalabu hutolewa kwenye kano ya chini ya kilegesambwa au nyuma ya paja, na tangu 1980 tabibu aweza kufanya kazi yake kwa darubini ipenyayo katika tundu dogo.

Mwaka 2010 matabibu wa Uswidi walitangaza matokeo ya vijana 121 waliokatika kano ya mbele: kati ya wale walioanzishiwa mazoezi peke yake, zaidi ya nusu hawakuhitaji kisu kwa miaka miwili, na hali zao hazikuwa duni kuliko za waliopasuliwa mapema. Hata hivyo, mchezaji akiumia leo, suali la kwanza la waandishi wetu ni atapasuliwa lini na nchi gani. Nani atakayemsimamia mazoezi kwa miezi tisa au zaidi, hakuna aulizaye.