Kojeti: Mboga ya siku 50 inayostawi hata kwenye ndoo

WAKAZI wengi wa miji ya Kenya huiona kojeti kwenye rafu za maduka makubwa, wakaipita wakidhani ni tango. Wengine huinunua mara moja, wakaichemsha hadi ikayeyuka kuwa uji, kisha wakaapa kutoirudia. Ilhali hii ni mojawapo ya mboga zinazokomaa upesi zaidi katika bustani ya nyumbani: huanza kuchumwa kati ya siku 45 na 60 baada ya mbegu kutiwa ardhini, na mche uliotunzwa ipasavyo huendelea kuzaa kwa miezi miwili au zaidi.

Kwa familia inayonunua mboga kila jioni, miche mitatu au minne yatosha kupunguza safari za sokoni. Hata hivyo, mmea huu una mambo mawili yanayowavunja moyo wapanzi wapya. La kwanza ni maua kupukutika bila kuzaa. La pili, ambalo ni la hatari zaidi, ni tunda kuwa chungu. Yote mawili yana maelezo, na yote yanaweza kuepukwa.

Asili yake

Kojeti, ambayo wengine huiita zukini, ni boga linalochumwa likiwa changa. Kwa jina la kisayansi ni Cucurbita pepo, nayo ni ya ukoo mmoja na malenge, tango, tikitimaji na kibuyu. Mumunye linalopikwa Pwani ni binamu yake tu, wala si mmea uleule.

Chimbuko la spishi hii ni bara la Amerika. Mbegu zake zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, zina umri wa takriban miaka 10,000. Maboga yalivuka bahari hadi Ulaya baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka wa 1492, na ni Waitaliano wa kaskazini waliokuza aina hii nyembamba ya kijani. Jina zukini limetokana na neno la Kiitaliano zucca, na kojeti na neno la Kifaransa courge. Yote mawili humaanisha boga.

Mahali na udongo

Kojeti hupenda jua la saa sita au zaidi kwa siku, na joto la nyuzi 18 hadi 30. Haistahimili jalidi, hivyo wakazi wa nyanda za juu kama Kinangop na Limuru hawana budi kuepuka miezi ambapo jalidi huanguka. Jijini Nairobi baridi ya Julai haiui mmea, ila huuchelewesha.

Udongo unafaa uwe mwepesi, wenye rutuba na usiotuamisha maji. Shimo la kina cha sentimita 30 huchimbwa, kisha udongo wa juu ukachanganywa na samadi iliyooza barabara au mboji, viganja viwili au vitatu. Samadi mbichi haifai, kwani huunguza mizizi. Nafasi kati ya shimo na shimo iwe baina ya sentimita 60 na 90, maana majani yake ni mapana na huhitaji hewa kupita.

Asiye na shamba naye hakuachwa nyuma. Ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, au gunia lililojazwa udongo na samadi, humtosha mche mmoja. Kilicho muhimu ni kukumbuka kwamba udongo wa ndoo hukauka upesi, na wakati wa kiangazi huenda ukahitaji maji kila siku.

Kupanda na kutunza

Mbegu mbili huwekwa katika kila shimo, zikilazwa kwa ubavu, kina cha sentimita mbili au tatu. Huota kati ya siku tano na kumi. Miche ikishatoa majani mawili halisi, ulio dhaifu hukatwa kwa mkasi badala ya kung'olewa, ili mizizi ya mwenzake isitikiswe.

Maji humwagwa shinani asubuhi, si juu ya majani. Majani yaliyolala na unyevu hualika ukungu. Nyasi kavu zikitandazwa kuzunguka shina huhifadhi unyevu na kuzuia matunda kugusa udongo. Maua ya kwanza yanapochomoza, kiganja kingine cha mboji huongezwa.

Aghalabu mbegu zinazouzwa madukani ni chotara. Hizi huzaa vizuri msimu wa kwanza, lakini mbegu zinazokamuliwa kutoka matunda yake hazitoi mmea unaofanana na mzazi. Ni busara kununua pakiti iliyofungwa na kuidhinishwa na Taasisi ya Kukagua Ubora wa Mimea (KEPHIS), na kutazama tarehe ya mwisho ya matumizi.

Kwa nini maua hupukutika

Mmea mmoja hutoa maua ya kiume na ya kike. La kiume husimama juu ya kikonyo chembamba. La kike hutambulika kwa kojeti ndogo kama kidole iliyo chini ya petali zake. Aghalabu maua ya kiume hutangulia kwa siku kadhaa, hufunguka, kisha huanguka. Hilo ni jambo la kawaida, wala si ugonjwa.

Kasoro huwapo pale ambapo kojeti changa hugeuka njano na kuoza kuanzia nchani. Mara nyingi maana yake ni kwamba ua la kike halikupata chavua ya kutosha. Kazi hiyo hufanywa na nyuki, nao huadimika kwenye roshani za orofa za juu, siku za mvua nyingi, na mahali dawa za kuua wadudu zinaponyunyizwa ovyo.

Suluhisho ni rahisi. Maua haya hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, ua la kiume lililofunguka siku hiyo hukatwa, petali zake zikaondolewa, na kijiti chake chenye unga wa njano kikapakwa taratibu katikati ya ua la kike. Ua moja la kiume laweza kuhudumia mawili au matatu ya kike. Baada ya siku nne hivi kojeti iliyopokea chavua huanza kunenepa.

Wadudu na magonjwa

Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya tunda changa, na funza wakalila kwa ndani. Matunda yaliyotobolewa yasiachwe chini ya mmea. Yafukiwe shimoni, kina cha nusu mita. Vidukari na nzi weupe hukaa chini ya majani, nao hueneza virusi vinavyoyakunja na kuyatia mabaka. Wakiwa wachache, maji yenye sabuni kidogo huwapunguza. Mmea ulioshikwa na virusi hauponi, hivyo hung'olewa.

Ubwiri unga, yaani ukungu mweupe unaofunika majani kama unga, ndio ugonjwa unaojitokeza zaidi mmea unapozeeka. Utafiti uliochapishwa nchini Brazil mwaka wa 1999, na uliofanywa kwa zukini zenyewe, ulionyesha kuwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji huuzuia ugonjwa huu. Sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, ikinyunyizwa mara moja au mbili kwa wiki tangu dalili za awali, hutosha kwa bustani ndogo.

Anayelazimika kutumia dawa za viwandani afuate maagizo ya kibandiko, anyunyize jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na aheshimu idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma. Kojeti huchumwa karibu kila siku, hivyo dawa yenye muda mrefu wa kungoja haiifai.

Hatari ya kojeti chungu

Mimea ya ukoo huu huweza kutengeneza sumu chungu iitwayo kukabitasini. Aina zinazouzwa madukani zimechaguliwa kwa vizazi vingi ili sumu hiyo isionekane, lakini yaweza kurejea. Njia kuu ni mbegu za kujihifadhia: kojeti ikipokea chavua kutoka kwa vibuyu vya mapambo vya spishi yake, tunda la msimu huo hubaki salama, ila mbegu zake zikipandwa huenda zikazaa matunda yenye sumu. Jua kali na ukosefu wa maji pia huchangia.

Anayekula kojeti kama hiyo huweza kupata kichefuchefu, kutapika, kuumwa na tumbo na kuharisha. Mwaka wa 2015 mtu mmoja alifariki nchini Ujerumani baada ya kula kojeti chungu zilizokuzwa bustanini. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hii.

Kwa hiyo kabla ya kupika kojeti ya bustanini, kipande kidogo kibichi kionjwe kwa ncha ya ulimi. Kikiwa chungu, kitemwe, tunda litupwe na mmea ung'olewe. Uchungu huo usifunikwe kwa chumvi wala viungo, hasa chakula kinapoandaliwa watoto na wazee.

Kuchuma kwa wakati

Kojeti tamu ni ya urefu wa sentimita 15 hadi 20. Hukatwa kwa kisu, ikiachiwa kikonyo cha sentimita mbili. Bustani ikaguliwe kila baada ya siku moja au mbili, kwani tunda la kadiri ya kiganja leo laweza kuwa kama mkono wa mtoto baada ya siku chache. Likiachwa, mbegu zake hukomaa na mmea hupunguza kuzaa. Kweli, chelewa chelewa utapata mwana si wako.

Jikoni

Takriban asilimia 95 ya kojeti ni maji, na gramu 100 zina kalori 17 hivi. Maji hayo ndiyo siri ya mapishi yote: mpishi hana budi kuyatoa, kuyakausha au kuyatumia. Ganda halimenywi.

Pishi jepesi ni la kukaanga. Kojeti nne hukatwa mapande ya unene wa kidole. Kitunguu na vitunguu saumu hukaangwa, nyanya mbili zikafuata hadi zikaiva, kisha kojeti zikatiwa juu ya moto mkali kwa dakika tano au sita. Chumvi na dania huja mwisho, kwani chumvi ikitangulia huvuta maji. Mboga hii hula ugali bila kulalamika. Wapwani wanaweza kuongeza kikombe cha tui zito la nazi na bizari kidogo, wakaila kwa wali.

Kwa bajia, kojeti hukwaruzwa kama karoti, ikatiwa chumvi na kuachwa dakika 15, kisha ikakamuliwa. Huchanganywa na unga wa dengu, kitunguu, dania na pilipili, ikakaangwa kijiko kijiko kwenye mafuta moto. Kojeti iliyokwaruzwa bila kukamuliwa nayo hukandwa ndani ya unga wa chapati badala ya sehemu ya maji, jinsi wengi wanavyofanya kwa malenge. Watoto wasiopenda mboga huzimaliza bila kuuliza.

Kojeti iliyopita kimo haitupwi, mradi si chungu. Hupasuliwa kwa urefu, mbegu zikaondolewa, na uwazi ukajazwa nyama ya kusaga iliyokaangwa na wali kidogo. Hupangwa katika sufuria yenye mchuzi wa nyanya, ikafunikwa na kupikwa kwa moto mdogo kwa dakika 30 hadi 40. Pishi hili limezoeleka sana katika nchi za Kiarabu.

Hata maua huliwa. Waitaliano huyachovya katika uji wa unga na kuyakaanga. Wakenya wanaopika majani na maua ya malenge hawataliona hilo kuwa geni. Huchumwa ya kiume pekee, na machache huachwa kwa ajili ya nyuki.

Kojeti zilizobaki hukaa kwenye jokofu kwa muda wa wiki moja, zikiwa kavu na hazijakatwa. Baridi iliyozidi huzitia madoa, hivyo zisiwekwe karibu na barafu. Na zikizidi mahitaji ya nyumba, jirani hakosi sufuria.