Huzuni Iliyokanushwa na Vijiji vya Aro

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilipiga chapa kitabu cha Daktari J. C. Carothers, ambaye tangu mwaka 1938 hata 1950 alikuwa msimamizi wa hospitali ya Mathari, Nairobi, na ndani yake mlikuwa na hukumu iliyopokelewa na wakubwa wengi pasipo shaka: kwamba sonona ni maradhi adimu kwa Mwafrika, kwa kuwa Mwafrika, kwa madai yake, hana desturi ya kuilaumu nafsi yake wala ya kubeba dhima ya maisha peke yake. Alithubutu hata kuilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Carothers hakuwa mjinga. Alikuwa tabibu aliyewaona wagonjwa kwa macho yake akaandika alichokiona, na hapo ndipo penye mazingatio, maana kosa lake lilikwisha kuanza mlangoni mwa hospitali, kabla hajashika kalamu.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa kwanza karantini ya wagonjwa wa ndui, na waliofikishwa pale aghalabu walikuwa watu waliovunja amani, wakaletwa na askari: aliyevua nguo sokoni, aliyechoma banda la jirani, aliyempiga mpita njia jiwe. Kijana wa miaka ishirini aliyekosa usingizi, akauacha uji upoe mbele yake, akashinda uani ameinamisha kichwa, hakumsumbua mtu, na asiyesumbua watu hakamatwi. Alibaki kwa mama yake. Pwani aliitiwa mwalimu wa chuo, akaandikiwa kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, akanywa. Na lisipofaa, wazee walinong'onezana habari za pepo, ngoma ikaandaliwa. Sisemi kuwa tiba hizo zilikuwa bure, kwani kijana aliyezungukwa na jamaa zake usiku kucha wakimwimbia hakuwa tena peke yake na ghamu yake, na hilo si jambo dogo. Nasema tu kwamba katika daftari za Mathari hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa alidhaniwa hayupo.

La kustaajabisha ni kuwa zaidi ya miaka elfu kabla ya hapo mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha andika kitabu juu ya masilahi ya miili na ya nafsi, akapambanua humo huzuni ambayo sababu yake yajulikana na huzuni inayomshukia mtu asijue imetoka wapi, wala hakuona kuwa taifa fulani la wanadamu limesamehewa mojawapo ya hizo.

Aliyeivunja hukumu ya Carothers kwa vitendo ni Thomas Adeoye Lambo, Myoruba mzaliwa wa Abeokuta, Nigeria, aliyesomea udaktari Birmingham na tiba ya akili London. Aliporejea kwao mwaka 1954 kushika hospitali mpya ya Aro, alikuta majengo hayajamalizika. Mwingine angalingoja mafundi. Lambo aliwaendea wazee wa vijiji vilivyoizunguka hospitali, akawaomba wawapangishie wagonjwa vyumba. Na wenyeji, ambao mwanzoni walihofu kama ambavyo yeyote kati yetu angalihofu, wakakubali, serikali ikawakopesha fedha za kuongeza nyumba, yakaletwa maji ya mfereji, vikachimbwa vyoo, na mbu wakapigwa vita. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asije peke yake. Afuatane na jamaa mmoja angaa, mama au dada, kaka au shangazi, wa kumpikia, kumfulia nguo, kumsindikiza hospitali asubuhi na kumrudisha kijijini alasiri. Basi asubuhi mtu alikuwa mgonjwa, akipewa dawa, na wengine tiba ya umeme. Jioni alikuwa mpangaji wa fulani, akiteka maji, akihudhuria ngoma na ibada za kijiji pamoja na wenyeji wake. Waganga wa jadi nao Lambo aliwaita wafanye kazi chini ya uangalizi wake, jambo ambalo Birmingham hawakumfundisha.

Lambo huyo huyo alitumwa na serikali kuchunguza kwa nini wanafunzi wa Kinaijeria waliokwenda Uingereza walikuwa wakipatwa na maradhi ya akili, na taarifa yake ikatoka mwaka 1957. Baadaye kidogo, mwaka 1960, tabibu Mkanada aliyefanya kazi Nigeria, Raymond Prince, akaandika habari za vijana waliokuwa shuleni kule kule nyumbani: husoma ukurasa wasiambulie kitu, herufi zikawacheza machoni, kichwa kikawaka moto au kikawa kana kwamba mdudu anatambaa ndani yake, usingizi ukapaa, machozi yakawa karibu. Na kijana yule ada yake imelipwa na nani? Na ukoo: mjomba ameuza kakao, mama ameweka akiba ya sokoni, wadogo zake wamekosa viatu ili yeye apate vitabu, akianguka mtihani, wameanguka wote. Huyu ndiye yule aliyesemwa kuwa habebi dhima.

Mwaka 1963 Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Lambo na wenzao, wakatoa matokeo ya uchunguzi walioufanya vijijini na mitaani kwa Wayoruba, wakiwauliza watu makwao, na dalili za sonona wakazikuta tele, wala hazikuwa haba kuliko zile ambazo Leighton alizipata Kanada. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nako wanafunzi walichunguzwa, na habari zao zikachapishwa mwaka 1969. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mwanachuoni kurudia maneno ya mwaka 1953 bila ya kuona haya.

Sheria, hata hivyo, haisomi majarida ya matabibu. Waingereza waliiachia Kenya kanuni ya adhabu iliyomhesabu mkosaji kila aliyejaribu kujiua. Wao kwao walilifuta kosa hilo mwaka 1961, Kenya ikabaki nalo katika kifungu cha 226 hata Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba. Muda wote huo jamaa waliomuwahi kijana wao angali hai walikuwa na sababu ya kunyamaza, kwani kumpeleka hospitali kulikuwa sawa na kumwita polisi.

Wala hofu ya polisi haikuwa kizuizi pekee. Kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, tabibu Dixon Chibanda, aliyempoteza mgonjwa wake kijana ambaye jamaa zake walikosa nauli ya kumfikisha hospitali, alitaka kuanzisha huduma ya afya ya akili katika mtaa wa Mbare. Hakupewa wauguzi wala chumba. Alipata bibi 14 wa mtaa ule na nafasi ya uwanjani nje ya zahanati, akawafundisha kusikiliza, likawekwa benchi chini ya mti. Bibi hao walikuwa wakijua nyumba za wagonjwa, na mama zao, na nani amefukuzwa kazi; na mgonjwa aliyemaliza kusema hakuulizwa nauli, kwa kuwa alikuja kwa miguu. Mabenchi ya namna hiyo yamefika Malawi, na Unguja pia.