Jina Linatokana na Nini? Historia ya Majina ya Majirani Zetu

Kitenzi cha Kiingereza "derive" hukutwa mara nyingi katika vitabu vya historia, na mwanafunzi wa Kiswahili huelekea kukitafsiri kwa neno moja, "kutoka". Kiswahili, hata hivyo, kina njia mbili, na kila moja ina kazi yake. Mtu au kitu kinachosafiri hutoka mahali: "Mgeni wetu anatoka Uganda." Jina, desturi au haki yenye chanzo katika jambo jingine hutokana na jambo hilo: "Jina Uganda linatokana na Buganda." Majina ya nchi zinazoizunguka Tanzania yanatupatia mifano mizuri ya kitenzi hiki, na yanatufundisha pia kwamba chanzo cha jina na chanzo cha haki si kitu kimoja.

Tuanze na Uganda. Katikati ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Tabora ikafika katika ufalme wa Buganda, kaskazini-magharibi mwa ziwa kuu. Katika Kiganda, nchi hiyo ilitajwa kwa kiambishi "bu-". Waswahili waliitaja kwa ngeli yao wenyewe, kama walivyosema Unyamwezi na Ugogo, wakaiita Uganda. Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika huko mwaka 1862, aliandika jina kama alivyolisikia kwa watu wa msafara. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1894, jina hilo la Kiswahili ndilo lililotumika, kisha likaenezwa hadi Bunyoro, Toro, Ankole, Busoga na sehemu za kaskazini. Hivyo nchi yenye mataifa mengi ikabeba jina la ufalme mmoja.

Hapa mwanafunzi awe mwangalifu. Neno "Mganda" hutumiwa na wengi kwa raia yeyote wa Uganda, lakini asili yake ni mtu wa Buganda. Mwacholi wa Gulu akiitwa Mganda anaweza kukusahihisha, naye atakuwa na sababu. Nafasi ya Buganda katika taifa lilikuwa suala zito la siasa: mwaka 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo, na mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Zilianza kurudishwa mwaka 1993. Kwa heshima, tuseme "raia wa Uganda".

Burundi ilipita njia hiyo hiyo, kisha ikarudi. Wajerumani, waliotumia Kiswahili katika utawala wao, waliiita Urundi. Na Wabelgiji, walioichukua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaendelea na jina la Ruanda-Urundi. Ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, nchi ilirejea kwenye kiambishi cha lugha yake, ikawa Burundi. Uganda ilibaki na umbo la Kiswahili, Burundi ililiacha.

Majirani wengine tuwataje kwa ufupi. Jina Kenya linatokana na mlima, ambao mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mwaka 1849 akiwa Ukambani. Jina Zambia linatokana na Mto Zambezi. Kabla ya Oktoba 1964 nchi hiyo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, jina lililotokana na Cecil Rhodes. Jina Kongo linatokana na ufalme wa Kongo uliokuwa karibu na mlango wa mto. Mobutu alilibadilisha kuwa Zaire mwaka 1971 akitafuta uhalisi wa Kiafrika, ingawa Zaire lenyewe lilitokana na matamshi ya Wareno ya neno la Kikongo lenye maana ya mto. Mwaka 1997 jina la Kongo likarudi.

Tumalizie na Malawi. Jina hilo linatokana na Maravi, dola iliyojulikana kwa Wareno karne nyingi zilizopita, nalo lilichukuliwa wakati wa uhuru mwaka 1964 mahali pa Nyasaland. "Nyasa" ni neno la wenyeji lenye maana ya ziwa. Hivyo anayesema "Ziwa Nyasa" anasema ziwa mara mbili. Sisi tunaliita Ziwa Nyasa, wenzetu Ziwa Malawi, na wapo wanaodhani kwamba jina linathibitisha umiliki. Sivyo. Dai la Malawi linatokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, ulioweka mpaka kwenye ukingo wa ziwa upande wetu. Dai la Tanzania linatokana na kanuni ya kugawa maji ya pamoja kwa mstari wa katikati. Wavuvi wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay hutegemea maji hayo kila siku, na maisha yao yanahitaji makubaliano kuliko ushindani wa majina.

Kwa hiyo, unapotunga sentensi zako, jiulize kwanza: ninazungumzia chanzo cha jina, au chanzo cha haki? "Jina la ziwa linatokana na lugha za wenyeji." "Mpaka wa ziwa unatokana na makubaliano ya mataifa." Kitenzi ni kimoja, ushahidi unaohitajika ni tofauti.