Mnara wa Taa na Meli ya Kwanza ya Winam
Neno mnara lina asili ya Kiarabu, nalo hudokeza mahali pa nuru. Asemaye "mnara wa taa" huitaja nuru mara mbili. Pwani lilihusu misikiti na bahari. Katika Ghuba ya Winam, penye visiwa na miamba, haja ya taa za namna hiyo ilikuja na meli. William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla ya reli kufika Desemba 1901. Vipande vyake vingi vilichukuliwa na wapagazi. Hata hivyo bandari ilipewa jina Port Florence, kwa heshima ya mke wa mhandisi, si ya wachukuzi hao. Jina hilo halikudumu. Likarudi la wenyeji, Kisumu.