Sakopenia: Uzee Umesingiziwa

Mzee wa Njoro akishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika meza, nyumbani watasema, "Ni uzee tu," na mambo yaishie hapo. Daktari ana jina jingine: sakopenia. Uzee hauna dawa, lakini sakopenia inapimika na hata kupunguzwa.

Jina hilo lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Irwin Rosenberg, mtaalamu wa lishe wa Marekani, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Ukilifasiri hivyo hivyo, "upungufu wa nyama", msomaji wa Nakuru atafikiria bucha na bei ya kilo. "Kukonda" nako hakufai, kwa sababu mtu mnene anaweza kuwa na sakopenia, mafuta yakificha misuli iliyokwisha. Mimi nachagua "upungufu wa nguvu za misuli". Wataalamu wa Ulaya waliporekebisha fasili yao mwaka 2018 walitanguliza nguvu, ukubwa wa misuli ukafuata. Kipimo chao kimoja hakihitaji mashine: kunja mikono kifuani, inuka kitini na kuketi mara tano. Ukipita sekunde 15, huenda nguvu za misuli zimepungua.

Katika mashamba ya Bahati, Subukia na Molo, wazee wengi hupalilia, huteka maji na kupanda miteremko bila kuyaita mazoezi. Balaa huanza pale mama anapoletwa mjini kwa binti yake. "Mama, wewe keti, tutakufanyia." Kikombe analetewa, sokoni anapelekwa na bodaboda. Ni heshima, na sibezi heshima, lakini misuli isiyotumika mwili huipunguza.

Chakula nacho kina lawama yake. Meno yakilegea, mzee huponea chai na mkate. Wataalamu wengi hupendekeza mzee mwenye afya apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8. Chai, hata ikiwa na maziwa kidogo, haiwezi kufika huko. Maharagwe yaliyopondwa, omena na mala vitasaidia. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Je, kuna kuchelewa sana kuanza? Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wa umri wa miaka 90 hivi waliofanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Baada ya wiki nane, nguvu za waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nyumbani hapahitajiki jimu: kuinuka kitini mara kadhaa asubuhi na jioni, na mtungi wa lita 5 wa maji, ambao una uzito wa kilo 5 hivi, aubebe mama mwenyewe kutoka mferejini, mjukuu akimfuata kwa nyuma.