Kutoka Leseni hadi Ridhaa: Historia ya Faragha na Tovuti Ndogo nchini Tanzania, kwa Kuirejelea Lupembe

Makala haya yanachunguza namna sheria za faragha zilivyomfikia mtu mmoja mwenye tovuti ndogo. Mfano unaotumika ni wa kidhahania: mkazi wa Lupembe, eneo la mashamba ya chai mkoani Njombe, anayeandika habari za usharika wake, mahafali na misiba, na anayehifadhi anwani za barua pepe za wasomaji wake. Hoja kuu ni kwamba dola ilianza kwa kumtaka mwandishi huyo ajitambulishe kwake, na baadaye tu ikamtaka awajibike kwa watu anaowaandika. Mfuatano huo umejenga dhana kwamba kutii sheria ni kulipa ada, ilhali kiini cha faragha ni ridhaa.

Msingi wa haki yenyewe ni wa zamani kuliko intaneti nchini. Marekebisho ya Tano ya Katiba, ya mwaka 1984, yaliingiza haki za binadamu katika Katiba ya mwaka 1977, na Ibara ya 16 ikalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Hata hivyo, utekelezaji wa haki hizo mahakamani ulisubiri hadi mwaka 1988, na kwa miongo mingine mitatu na zaidi hapakuwa na sheria mahususi ya taarifa binafsi.

Kilichotangulia kilikuwa leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kujisajili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000 na ya leseni shilingi 1,000,000. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo, au vyote viwili. Mwezi Juni mwaka huo, wasiosajiliwa waliamriwa kusitisha huduma. Kwa mwandishi asiyepata kipato kutokana na tovuti yake, swali la kwanza la sheria lilikuwa: wewe ni nani, na umelipa?

Swali la pili lilikuja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hii inadai usajili pia, lakini inaongeza wajibu wa namna nyingine: taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi, zisizidi mahitaji, ziwe sahihi, zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika, na mhusika aweze kuziona na kudai zirekebishwe.

Je, mtu mmoja anayeandika kwa hiari yake anahusika? Sheria haikukusudia kuingilia shughuli za mtu za binafsi kabisa. Ugumu ni kujua mpaka uko wapi. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikabili swali hilo mwaka 2003 katika shauri la Bodil Lindqvist, mwalimu wa katekisimu nchini Sweden, aliyeweka mtandaoni habari za wenzake wa usharika, ikiwemo ya mmoja aliyeumia mguu na kupunguziwa kazi. Mahakama iliamua kuwa ukurasa unaofikiwa na watu wasio na idadi si shughuli ya kifamilia tena, na kwamba habari ya mguu ule ni taarifa ya afya. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini unaonyesha kuwa kinachopimwa ni uwazi wa ukurasa, si udogo wake.

Kwa Lupembe, suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 uliiweka Njombe juu ya mikoa yote ya Tanzania Bara kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kutamka kuwa majibu ya vipimo ni siri. Hata hivyo, kijijini kuficha jina hakutoshi: ukiandika kuwa muuza ndizi jirani na zahanati amekuwa akihudhuria kliniki, kila jirani amemjua. Picha za mahafali nazo si jambo dogo. Mwezi Septemba 2023, mamlaka ya ulinzi wa data ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa mantiki hiyo, mwenye tovuti ndogo hana budi kuanza na yaliyo ndani ya uwezo wake: aeleze kwa Kiswahili anachokusanya na sababu yake, vikiwemo vidakuzi vinavyowekwa na programu za kuhesabu wasomaji, afute anwani za waliojitoa, apate ridhaa ya maandishi kabla ya kutaja afya ya mtu au kuchapisha picha ya mtoto, na aondoe habari mhusika anapopinga kwa haki. Usajili unabaki kuwa takwa la sheria. Lakini mwandishi aliyelipa ada zote bila kumwuliza muuza ndizi atakuwa amejibu swali la mwaka 2018 tu.